Wewe Uko Mbali, Kodi ya Nyumba Yako Analipa Nani?

Leo neno langu linawaendea kwanza wale walio mbali: mnaoishi Muscat na Dubai, London na Reading, Houston na Minneapolis, Johannesburg na Guangzhou, lakini mna nyumba Tanzania. Pili linawaendea waliobaki: mama anayeitazama nyumba hiyo, mdogo wako aliyekabidhiwa funguo, mpangaji anayelala ndani yake, na afisa anayekaa dirishani kujibu maswali ya watu.

Nyumba hizo tunazijua. Zimejengwa kidogo kidogo: mwaka huu msingi, mwaka kesho kuta, mwaka wa tatu bati. Fedha zilitumwa na mtu aliyejinyima. Anayejenga hivyo anaipenda nchi yake, na mimi sina haja ya kumfundisha uzalendo.

Nina swali moja tu. Nyumba yako ile, kodi yake analipa nani?

Usijibu haraka. Jibu la wengi ni kwamba "inakatwa kwenye LUKU". Ni kweli, inakatwa. Lakini umeme huo ananunua nani, na fedha inatoka mfuko gani?

Tukumbushane kidogo. Kodi ya majengo si jambo jipya. Sheria yake kwa mamlaka za miji ni ya mwaka 1983, na kwa asili ni kodi ya halmashauri. Mwaka 2016 kazi ya kuikusanya ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato, TRA. Kisha tangu Agosti 2021 inakatwa pale mtu anaponunua umeme wa malipo ya kabla, ule wa LUKU. Nyumba ya kawaida ilianza kukatwa shilingi 1,000 kwa mwezi. Tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka. Ghorofa la mjini ni shilingi 90,000 kwa mwaka kwa kila sakafu, sawa na 7,500 kwa mwezi. Viwango hivi hupangwa na Bunge pamoja na bajeti, kwa hiyo kila mwezi wa Juni tega sikio.

Sasa njoo nami kwenye nyumba ya vyumba sita, pale Mbagala au Buza. Mita ni moja. Wapangaji wananunua umeme kwa kuchangiana au kwa zamu. Mwezi mpya umeingia, uniti zimebaki chache, na kila mmoja anamtazama mwenzake. Kwa nini? Kwa sababu atakayenunua wa kwanza mwezi huo ndiye atakayekatwa ile 1,500. Akinunua umeme wa shilingi 5,000, karibu theluthi ya fedha yake imekwenda kwenye kodi ya nyumba ambayo si yake.

Huyo mpangaji huenda anauza maandazi asubuhi, au anaendesha bodaboda ya mtu. Hana ugomvi na wewe. Huenda hata jina lako kamili halijui. Anamjua dalali aliyempangisha tu. Lakini kila mwezi yeye au jirani yake wa chumba cha pili anakulipia kodi yako.

Je, hiyo ndiyo nia yako? Naamini siyo. Umbali tu ndio umefanya usione.

Mfumo ulipoanza, Serikali ilieleza wazi kwamba mdaiwa wa kodi hii ni mwenye nyumba, na mpangaji akikatwa aelewane na mwenye nyumba amrudishie. Shida ni kwamba mpangaji wa chumba kimoja hana ujasiri wa kumpigia simu mtu aliye Marekani kudai shilingi 1,500. Ataona haya. Atahofia kuambiwa ahame. Basi ananyamaza.

Ndiyo maana wa kuanza ni wewe. Usingoje kudaiwa.

Njia ziko nyingi na zote ni nyepesi. Unaweza kumwambia msimamizi wako anunue umeme wa kwanza wa kila mwezi kwa fedha yako, makato yaishe, ndipo wapangaji waendelee. Unaweza kupunguza shilingi 18,000 kwenye pango la mwaka na kuigawa kwa vyumba vyote. Unaweza kuandika mstari mmoja kwenye mkataba: kodi ya jengo italipwa na mwenye nyumba, na mpangaji akionyesha risiti atarudishiwa. Utapungukiwa nini? Utapata heshima ambayo haiuzwi dukani.

Najua mtu wa Uingereza atauliza: mbona huku mimi ni mpangaji na kodi ya halmashauri nalipa mwenyewe? Ni kweli. Kule Uingereza kodi hiyo kwa kawaida humwangukia anayeishi ndani. Aliye Marekani naye anajua kwamba kodi ya nyumba humwangukia mwenye nyumba, na wengi huilipa pamoja na marejesho ya mkopo wa nyumba, hata wakasahau kwamba ipo. Kila nchi na utaratibu wake. Utaratibu wa nyumbani ni kwamba mwenye jengo ndiye mwenye kodi. Tusichukue desturi ya Leicester tukaivalisha nyumba ya Buguruni.

Na aliyeacha nyumba bila mtu ndani, yeye je? Hapo pana jambo la kuangalia. Nyumba imefungwa, umeme haununuliwi, basi mwenye nyumba anadhani kodi nayo imelala. Haijalala. Inahesabiwa mwezi baada ya mwezi. Siku unarudi likizo ya Desemba, umeshuka uwanja wa ndege usiku na watoto wamechoka, unanunua umeme wa 20,000 ili taa ziwake, na uniti zinazokuja ni chache kuliko ulizotarajia. Makato ya miezi yote uliyokuwa mbali yanaanza kuchukuliwa. Watu wengine hukasirika na kusema wameibiwa. Hawajaibiwa. Ni deni lao, nalo dawa ya deni kulipa.

Dawa yake ni kununua umeme kidogo kidogo hata kama hakuna anayeutumia. Kwa simu ya ndugu aliye nyumbani, au kwa programu ya benki yako ya Tanzania, namba ya mita inatosha. Tokeni ya tarakimu ishirini ikija, mtumie anayetunza nyumba aiingize. Ukifanya hivyo kila mwezi, kodi inakwenda yenyewe na deni halipati nafasi.

Lipo na tatizo la kinyume: nyumba moja yenye mita mbili au tatu. Labda uliweka mita ya vyumba vya familia, ya vyumba vya wapangaji, na ya fremu za biashara pale mbele. Mita zote zikiwa kwenye jengo moja, unaweza kujikuta unakatwa kodi ya jengo hilo mara tatu. Hapo kaa upande wa haki yako. Msimamizi aende ofisi inayosimamia kodi ya majengo akiwa na namba za mita zote, aeleze ni jengo moja, aombe kurekebishiwa. Kulipa kodi ni wajibu, na kutolipa mara mbili ni haki. Raia mwema anavijua vyote viwili.

Kama nyumba yako haina umeme wa LUKU, au haina umeme kabisa, usidhani umesahauliwa. Kwa nyumba hizo hutolewa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile inayoanza na 99, na unalipa kwa benki au kwa simu. Omba namba hiyo kwenye ofisi inayosimamia kodi ya majengo. Usimpe mtu fedha mkononi kwa ahadi kwamba "atakushughulikia". Fedha ya Serikali ina njia yake, na njia hiyo huacha risiti.

Wapo pia wanaosamehewa, nao tusiwaache walipe kwa kutojua. Mzee wa miaka 60 na zaidi anayeishi kwenye nyumba yake mwenyewe husamehewa kodi ya jengo kwa nyumba hiyo moja. Vivyo hivyo mtu mwenye ulemavu asiye na kipato. Je, baba yako wa miaka 72 kule Korogwe, mwenye nyumba yake, bado anakatwa? Basi kazi ya likizo yako ijayo ni hiyo: mpeleke kwenye ofisi inayosimamia kodi ya majengo na kitambulisho chake, aandikishwe.

Lakini angalia vizuri jina lililo kwenye nyaraka. Msamaha ni wa mzee mwenye nyumba. Ikiwa nyumba ni yako wewe uliye Dubai, na mama anaishi humo kwa kukutunzia, umri wa mama peke yake hauifutii nyumba yako kodi. Uliza ofisini mapema, usije ukasimama kwenye msamaha ambao si wako.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo naona linawaponyoka watu wema wengi. Ile 1,500 ya LUKU ni kodi ya jengo peke yake. Ardhi iliyobeba jengo ina kodi yake nyingine: kodi ya pango la ardhi. Hiyo haimo kwenye umeme. Unaweza kununua LUKU miaka kumi bila kukosa mwezi, na bado ukawa mdaiwa wa Wizara ya Ardhi.

Kwa nini tunalipa pango kwa ardhi tuliyoinunua? Kwa sababu kwa sheria yetu ya ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba yetu sote. Hati uliyonayo ni haki ya kuitumia kwa muda, miaka 33, 66 au 99, kwa masharti. Kulipa pango kila mwaka ni mojawapo ya masharti hayo. Mwaka wake unaanza tarehe 1 Julai. Kiasi kinatokana na ukubwa wa kiwanja, mahali kilipo, na matumizi yake. Kiwanja cha biashara Kariakoo hakiwezi kuwa sawa na cha makazi Chanika.

Na tazama, kodi hii haingoji ujenge. Je, hukununua kiwanja Kigamboni, au Bagamoyo, au Dodoma, ukapata hati, ukasema nyumba itakuja Mungu akipenda? Kiwanja hicho kinadaiwa tangu siku hati ilipotoka, hata kama leo kimeota mibaruti. Usipolipa, riba inapanda juu ya deni. Deni likikaa, unaletewa notisi, na notisi huletwa kwenye anwani uliyoiandika, sanduku la posta la shemeji ambaye alihamia Mwanza zamani. Baada ya hapo linaweza kufika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na mwisho wa yote hati yenyewe inaweza kubatilishwa.

Siandiki haya ili kumtisha mtu. Serikali nayo imeonyesha huruma: mwaka 2022 ilitangaza msamaha wa riba kwa waliokuwa na malimbikizo, ili walipe deni la msingi wapumue. Wengi walinufaika. Lakini msamaha wa namna hiyo hauji kila mwaka, na mtu mwenye busara hajengi hesabu zake juu yake.

Kulipa si kazi ngumu. Namba ya kumbukumbu ya malipo inapatikana ofisi ya ardhi ya halmashauri, ofisi ya ardhi ya mkoa, au kwa laini ya Tanzania ukibonyeza *152*00# na kufuata maelekezo ya Ardhi. Ndugu yako anaweza kuitafuta asubuhi kabla ya chai, akakutumia picha. Wewe unalipa, unamrudishia picha ya risiti. Imekwisha.

Wenye nyumba kwenye maeneo ambayo hayajapimwa, kama sehemu kubwa ya Manzese na Tandale, wengi wana leseni za makazi badala ya hati. Leseni nayo ina ada na ina muda wake wa kuisha. Hebu itoe kabatini uitazame tarehe. Je, bado iko hai?

Kodi ya tatu nitaigusa tu. Kama umepangisha, pango unalopokea ni mapato, na mapato yana kodi yake TRA. Usiichanganye na kodi ya jengo wala ya ardhi. Zungumza na TRA au mhasibu mwaminifu ujue umesimama wapi, maana kwa kodi hiyo mkaazi wa nchi na asiye mkaazi hawahesabiwi sawa.

Neno fupi kwa walio visiwani. Mwenye nyumba Unguja au Pemba, mambo yako yako Mamlaka ya Mapato Zanzibar, ZRA, na umeme wako ni wa ZECO na mita za TUKUZA. Usifuate maelekezo ya LUKU ukapotea. Ulizia Zanzibar kwenyewe.

Na jirani zetu Wakenya mnaosoma, mlio na nyumba Mombasa, Kisumu au Nairobi huku mkiishi ng'ambo: kwenu Katiba ya 2010 imeipa kaunti kodi ya majumba na viwanja, na pango la ardhi ya Serikali linakwenda Serikali ya taifa. Siku ya kuuza au kumhamishia mtoto, mtatakiwa kuonyesha cheti kwamba hamdaiwi na kaunti. Kwenu nanyi swali ni lile lile: nani anaangalia?

Nirudi kwenye nyumba zetu, maana nimetaja kodi nyingi na msomaji anaweza kushika kichwa. Ndugu yangu, hapa kinachotakiwa zaidi ni utaratibu. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi fungua daftari, au faili kwenye simu. Andika namba ya mita. Andika namba ya kiwanja, kitalu, na namba ya hati. Weka picha ya kila risiti ya umeme iliyo na makato ya kodi na kila risiti ya ardhi. Mtu mmoja nyumbani awe na nakala ile ile. Ukiugua huko uliko, au Mungu akikuita, watoto wako wataanzia pa kuanzia.

Huyo mtu mmoja ni nani? Hapa nawaomba walio ughaibuni wachague kwa upole lakini kwa makini. Si lazima awe kaka mkubwa. Awe yule anayepokea simu, anayeandika, na anayesema kweli hata ikiwa chungu. Ukimpata, mpe hati ya uwakili iliyoshuhudiwa. Balozi zetu huko mliko zinasaidia kazi hiyo. Karatasi hiyo inamsaidia yeye kuliko wewe, maana akifika ofisi ya ardhi haulizwi tena "wewe ni nani wa mwenye kiwanja?"

Na umlipe nauli, tafadhali. Mdogo wako akitoka Gongo la Mboto kwenda ofisi za ardhi, amepanda daladala, amekaa foleni, amekula mhogo wa mchana. Siku yake imekwisha. Ukimtumia fedha ya kodi, ongeza ya nauli na chakula. Kazi ya kutunza mali ya mtu ni kazi.

Nawe uliyekabidhiwa nyumba, nina neno nawe pia. Fedha ya kodi ikija, ilipe siku hiyo hiyo kabla haijachanganyika na ya ada na ya mboga. Tunajua maisha yanavyobana. Mtoto amefukuzwa ada, fedha ya kaka ipo kwenye simu, unasema nitairudisha mwisho wa mwezi. Nia yako ni njema, lakini mwisho wa mwezi nao una mambo yake. Ukibanwa, mpigie umwambie. Aliyeko mbali anaweza kukuvumilia shida yako. Kinachomuumiza ni kuigundua peke yake baada ya miaka mitatu.

Halafu kuna nyumba ya urithi, nyumba ya baba na mama. Hii ndiyo ngumu kuliko zote. Watoto ni saba: wawili wako Ulaya, mmoja Oman, wanne wako hapa. Kila mmoja ana chumba chake cha kumbukumbu mle ndani, lakini kodi haina mwenyewe. Aliye nje anasema walio ndani ya nyumba walipe. Walio ndani wanasema wa nje ana uwezo. Nyumba inadaiwa, na watoto saba wote ni watu wema.

Mnatokaje hapo? Kaeni kikao, hata kwa simu. Kama mirathi haijafunguliwa, ifungueni mahakamani, msimamizi ateuliwe, jina la marehemu liache kubeba madeni ya walio hai. Kisha gawaneni kodi kwa idadi yenu. Shilingi 18,000 kwa watu saba haifiki 2,600 kila mmoja kwa mwaka. Tukipokea kadi ya mchango wa harusi ya mtoto wa binamu, tunatoa mara kumi ya hiyo bila kuhesabu. Nyumba ya mama haistahili mchango wetu?

Mpangaji naye asikae kimya. Ndugu mpangaji, tunza risiti zako, hata ujumbe wa simu usiufute. Mwisho wa mwaka au siku ya kuongeza mkataba, mwonyeshe msimamizi kwa adabu: haya makato ya kodi nimelipa mimi, naomba tuyahesabu. Wenye nyumba wengi watakuelewa. Na mnaochangia mita moja, kubalianeni tangu mwanzo, 1,500 igawanywe kwa vyumba vyote mpaka mwenye nyumba atakapoirudisha. Vyumba sita ni shilingi 250 kwa kila chumba. Kwa 250, kuna haja gani ya watu wa uwanja mmoja kulala giza wakitegeana?

Maafisa wetu wa TRA, wa ardhi na wa TANESCO, nanyi ni wenyewe wa nyumba hii kubwa. Mtu aliyesafiri kutoka Toronto ana wiki tatu tu za likizo. Katika hizo kuna msiba wa kuhani, mgonjwa wa kumuona, na harusi moja. Akija kwenu na karatasi zake, mwelekezeni mara moja, mumwandikie kinachohitajika kwenye kipande cha karatasi. Mkifanya hivyo, mwakani ataleta na wenzake. Watu wengi huacha kulipa kwa sababu walizungushwa, na kidogo tu cha ukarimu kingewarudisha.

Wenyeviti wa mitaa, mnawajua wenye nyumba waliosafiri kuliko mtu yeyote. Je, mnazo namba zao za simu? Kundi la simu la wenye nyumba wa mtaa, waliopo na wasiokuwepo, lingeweza kubeba tangazo la kodi, habari ya mfereji ulioziba, na taarifa ya mwivi aliyeruka ukuta wa nyumba isiyo na mtu. Aliye mbali angejisikia bado ni mtu wa mtaa.

Maana ndivyo ilivyo. Nyumba yako haikwenda nawe ulipopanda ndege. Imebaki kati yetu. Maji ya mvua yanayotoka kwenye bati lako yanapita kwenye mfereji wetu. Mpangaji wako anatumia barabara yetu, mtoto wake anakaa dawati moja na wetu, na moto ukishika jikoni kwako, ni gari la zimamoto la hapa litakalotafuta njia. Vitu hivyo vinajengwa na kutunzwa kwa kodi, na kodi ni yetu sote.

Ukishalipa, una haki ya kuuliza. Usione aibu kuuliza kwenye mkutano wa mtaa, kwa sauti yako au ya msimamizi wako: mfereji wetu umepangwa lini? Mapato na matumizi ya mtaa yamesomwa? Kiongozi mwema hachukii swali hilo. Na anayeuliza akiwa na risiti mkononi, swali lake lina uzito.

Basi tupeane kazi, kila mtu yake, tusiache neno hili likaishia kusomwa.

Wewe uliye mbali, wiki hii mpigie msimamizi. Mwulize mambo matatu: namba ya mita ni ipi, mwezi huu makato ya kodi ameyalipa nani, na pango la ardhi limelipwa mpaka mwaka gani. Asipojua, msilaumiane. Mpe wiki mbili atafute.

Wewe uliye nyumbani, nenda kwenye ofisi ya ardhi ya halmashauri yako uombe taarifa ya deni, hata kama unaogopa tarakimu utakayoiona. Deni linalojulikana linaweza kupangiwa awamu.

Wewe mpangaji, anza kutunza risiti leo. Wewe mtoto wa nyumba ya urithi, itisha kikao kabla ya Julai, mwaka mpya wa kodi usiwakute mmegawanyika.

Na mwenye nyumba ambaye anajua kwamba mpangaji amekuwa akimlipia, mtumie fedha yake na asante juu. Huenda ikawa shilingi elfu chache tu. Itume hata hivyo, na kuanzia mwezi ujao umeme wa kwanza ununuliwe kwa fedha yako.